Kuirudisha Barabarani Steshenwageni ya Zamani Ukiwa Nyumbani Tanga

Gari lililolala uani kwa miaka kadhaa hapa Tanga halifanani na gari lililolala Dodoma au Iringa. Upepo wa bahari hubeba chumvi, chumvi huvuta unyevu, na unyevu huo hukaa ndani ya mikunjo ya bati hata katika miezi ambayo mvua hainyeshi. Kwa sababu hiyo, jambo ambalo wengi hulifanya kwanza wanapopata hamu ya kulifufua gari la baba au la babu, yaani kuazima betri na kujaribu kuwasha injini, ndilo linalopaswa kusubiri karibu na mwisho. Injini yaweza kunguruma vizuri ndani ya mkweche usio na sakafu wala breki, na mngurumo huo humpumbaza mwenye gari akaanza kutoa fedha mahali pasipostahili. Mpangilio ninaoupendekeza unaanza na bati, unafuata breki, kisha usukani na matairi, ndipo mafuta, maji na moto wa injini, na mwishoni ukaguzi.

Mfano nitakaoutumia ni Peugeot 504 ya steshenwageni, gari ambalo wakazi wengi wa pwani wenye umri wa makamo wanalikumbuka kwa safu zake tatu za viti na mizigo iliyofungwa kwenye keria. Saluni ya 504 ilitoka Ufaransa mwaka 1968, na steshenwageni ikafuata miaka miwili baadaye. Magari hayo yaliunganishwa pia Kenya na Nigeria kwa miaka mingi, na jambo hilo lina faida kwa mtu wa Tanga, kwani spea ambayo haipatikani kwenye maduka ya Ngamiani huweza kutafutwa Gerezani na Kariakoo jijini Dar es Salaam, au kuagizwa kwa mtu anayevuka mpaka wa Horohoro kwenda Mombasa. Mwenye Toyota Corolla au Datsun ya zama hizo atafuata mpangilio huohuo, ila vipimo atavitoa kwenye kitabu cha gari lake.

Karatasi na uwanja wa kazi

Kabla ya kununua hata boliti moja, chukua kadi ya gari na tochi, ufungue boneti, ulinganishe namba ya chesisi na namba ya injini na zile zilizoandikwa kwenye kadi. Magari ya umri huu mengi yamekwisha kubadilishwa injini, na mabadiliko hayo mara nyingi hayakupelekwa Mamlaka ya Mapato (TRA) ili yaandikwe. Ikiwa kadi ina jina la marehemu, au la mtu aliyeuza kwa mdomo tu, maliza suala la umiliki kwanza. Kutengeneza gari ambalo huwezi kuthibitisha kuwa ni lako ni kumtengenezea mtu mwingine.

Wakati mzuri wa kuanza ni Juni, masika yanapokuwa yamekwisha na kusi imeanza kuvuma. Uani pasipo na paa, kazi ya bati iliyofunguliwa mwezi Aprili huota kutu mpya usiku mmoja, na msasa wote wa jana unakuwa bure.

Udongo wa nyua nyingi za Tanga ni mchanga, nao ndio unaofanya kazi ya chini ya gari iwe ya hatari. Jeki iliyosimamishwa juu ya mchanga huzama upande mmoja polepole bila mtu kuona. Tandika ubao mnene na mpana chini ya jeki, nyanyua gari, kisha likalie stendi za chuma zenye ubao wake pia, moja chini ya kila pembe unayoifanyia kazi, na uzuie magurudumu yaliyobaki kwa vigingi vya mbao mbele na nyuma. Matofali ya saruji yasitumike kabisa, hata kama jirani anayatumia kila siku. Tofali la saruji halitoi onyo linapopasuka, huvunjika mara moja na kuwa vipande. Ukiishaliweka gari kwenye stendi, lisukume kwa nguvu kutoka ubavuni kabla ya kuingia chini yake. Kama litaanguka, lianguke wakati wewe uko nje.

Bati kwanza

Ondoa viti, zulia na mipira ya sakafu, utoe kila kitu mpaka bati lionekane. Zulia la magari haya lina sifongo chini yake, na sifongo hiyo hunywa maji yanayoingia kupitia mpira wa kioo cha mbele na kuyatunza kwa muda mrefu. Mara nyingi sakafu inayoonekana nzima kwa juu imeliwa kuanzia hapo.

Chukua bisibisi nene, uigeuze, ugonge bati kwa mpini wake hatua kwa hatua, kuanzia chini ya miguu ya dereva kwenda nyuma. Bati zima hujibu kwa sauti kavu inayolia. Bati lililooza hutoa sauti butu, na vumbi jekundu huanguka chini ya gari. Mahali pa sauti butu, geuza bisibisi na usukume kwa ncha. Ikipenya, chora duara kwa chaki kuzunguka eneo lote laini, na uendelee. Gonga sehemu ya chini ya milango, yaani yale masanduku marefu ya bati yanayokimbia kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, kwa kuwa hayo ndiyo uti wa mgongo wa gari lisilo na chesisi ya kujitegemea. Fika kwenye vikalio vya springi za nyuma, kwenye vichwa vya shokapu za mbele ndani ya boneti, kwenye matundu ya kutolea maji ya mlango wa nyuma, na chini ya sakafu ya buti ambako tairi la akiba la steshenwageni hii huning'inia kwenye kikapu chake likirushiwa tope na maji ya kila barabara.

Baada ya kazi hiyo utakuwa na ramani ya chaki, nayo ndiyo itakayokuambia kama uendelee. Matundu ya sakafu, hata yawe makubwa, yanatengenezeka. Masanduku ya chini ya milango yaliyooza upande mmoja yanatengenezeka pia, ikiwa gari litaegemezwa vizuri lisipinde wakati wa kukata. Lakini kama vichwa vya shokapu, masanduku ya pande zote mbili na vikalio vya springi vyote vimekwisha, ushauri wangu ni kutafuta bodi nyingine na kulifanya hili kuwa ghala la spea. Watu hawapendi kuambiwa hivyo, hasa gari likiwa na kumbukumbu za familia, lakini bati la mahali hapo ndilo linaloshikilia magurudumu.

Kwa kazi ya kuchomelea utamhitaji fundi bodi mwenye mashine, isipokuwa kama mwenyewe una ujuzi huo. Wapo wengi na wapo wazuri. Shida ni kwamba baadhi yao wamezoea wateja wanaotaka gari lionekane, na utasikia kauli ya aina hii:

"Bosi, hapa tupige puti tu. Rangi ikishakaa hakuna atakayejua."

Jibu lake liwe la upole lakini lisiwe na mlango wa kutokea. "Fundi wangu, mimi nitajua. Kata mpaka ufike kwenye bati jeupe, halafu weka kiraka cha bati jipya." Puti ina kazi yake halali, nayo ni kusawazisha bonde dogo juu ya bati zima lililosafishwa. Ikiwekwa juu ya kutu, hunyonya unyevu na kuificha kutu ikiendelea kula, na baada ya masika mawili huvimba na kubanduka pamoja na rangi.

Kabla moto haujawashwa, betri na alteneta zitolewe nyaya, na tangi la petroli litolewe kabisa kwenye gari, likafunikwe mbali. Tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu kinacholipuka ni mvuke uliochanganyika na hewa, na tangi tupu limejaa mvuke huo. Ndoo ya mchanga na kizimamoto viwe karibu, na mtu mmoja asiyefanya kazi nyingine atazame upande wa pili wa bati linalochomelewa, kwani mabaki ya zulia au waya huwaka huko bila fundi kuona. Kiraka kishikizwe kwa nukta fupifupi zilizoachana, kisha fundi arudi kujaza nafasi huku akiruka kutoka upande huu hadi ule, bati lisipate joto jingi mahali pamoja na kukunjamana.

Kiraka kikishapoa, kipigwe brashi ya waya, kifutwe kwa tina, kipakwe redi oksaidi, yaani rangi ya msingi ya kuzuia kutu, siku hiyohiyo, na viungo vyake vizibwe kwa gundi ya bodi. Ndani ya masanduku yaliyofungwa ambamo brashi haifiki, puliza nta au grisi laini kupitia matundu ya kutolea maji, kisha hakikisha matundu hayo yamebaki wazi. Wapo wanaopiga oili chafu chini ya gari zima. Oili hiyo huzuia kutu kwa muda kweli, lakini hulainisha na kuozesha bushi na mipira yote inayoigusa, na inayobaki hudondoka kwenye udongo wa uani kwako, ambako pengine watoto hucheza na kisima hakiko mbali.

Breki

Kwenye breki za gari lililolala sitaki mtu yeyote abane matumizi. Mafuta ya breki huvuta unyevu kutoka hewani, na gari likisimama muda mrefu karibu na bahari, unyevu huo hutosha kuotesha kutu ndani ya masta silinda (pampu kuu ya breki), ndani ya kalipa za mbele (vibanio vya diski) na ndani ya wili silinda za nyuma (visukumio vya ndani ya dramu). Pedali inaweza kuwa ngumu na ya kutia moyo gari likiwa limesimama, kisha pistoni moja ikakwama siku ya kwanza ya mvua.

Peugeot 504 ya steshenwageni ina diski mbele na dramu nyuma. Fungua magurudumu yote manne. Dramu ambayo haitoki igongwe kwa nyundo ya mbao kuzunguka ukingo wake, na kilegezeo cha breki shuu, yaani vipande vinavyobana dramu kwa ndani, kirudishwe nyuma kwanza, kwa kuwa mara nyingi shuu zimegandana na dramu kwa kutu. Zikitoka, tazama kama kitambaa cha breki bado kimeshikana na chuma chake, maana gundi ya shuu zilizokaa sana huachia na kitambaa kikabaki kimesimama bila kushikwa na kitu. Kalipa zifunguliwe, pistoni zitolewe, na kama zina mashimo ya kutu zibadilishwe. Seti ya mipira peke yake haitazuia kuvuja juu ya chuma chenye mashimo. Diski ipimwe unene, dramu ipimwe kipenyo, na vyote vilinganishwe na mipaka iliyotolewa na kiwanda.

Mipira inayounganisha paipu za breki na magurudumu inunuliwe mipya yote, bila kujali sura ya ile ya zamani. Mpira wa breki huoza kutokea ndani. Hufura, njia ya mafuta hufinyika, na gurudumu likishabanwa halirudi. Dereva huhisi gari linavuta upande mmoja, naye fundi asiye mwangalifu hulaumu usukani. Paipu za chuma zikikunwa kwa ukucha na kutoa maganda ya kutu nazo zibadilishwe.

Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili. Jaza chombo cha masta silinda kwa mafuta mapya ya aina iliyotajwa kwenye kifuniko, kwa kawaida DOT 3 au DOT 4, kutoka kwenye kopo lililofunguliwa siku hiyo. Steshenwageni hii ina kirekebishi cha breki za nyuma kinachopima uzito wa mzigo, kwa hiyo gari likae kwa magurudumu yake au ekseli ya nyuma iegemezwe ili springi zibebe uzito. Likining'inia, kirekebishi hufunga njia na upepo hautoki. Vika mpira mwembamba unaoonyesha ndani kwenye nipo (skrubu ya kutolea upepo) ya gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, uchovye ncha yake ndani ya chupa yenye mafuta kidogo, kisha umwite mtu aketi kwenye usukani.

"Kanyaga, mdogo wangu."

"Nimekanyaga, kaka."

"Shikilia hapohapo. Usiachie mpaka niseme."

Ndipo nipo inafunguliwa robo mzunguko, povu linatoka na kupanda kwenye chupa, nipo inafungwa, na baada ya hapo tu anaambiwa aachie. Mguu ukiachiwa kabla nipo haijafungwa, hewa inanyonywa upya na kazi inarudi mwanzo. Endelea mpaka mafuta yatoke safi bila tone la hewa, ukiongeza kwenye chombo kila mara kisikauke, kisha nenda gurudumu linalofuata.

Baadaye injini itakapokuwa inafanya kazi, jaribu kisaidizi cha breki kwa njia hii: injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, acha mguu juu yake, washa injini. Pedali inapaswa kushuka kidogo yenyewe. Isiposhuka, kagua mpira wa upepo unaotoka kwenye manifoldi kabla ya kulaumu kisaidizi chenyewe.

Usukani, springi na matairi

Gurudumu la mbele likiwa hewani, lishike juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Mchezo wa juu na chini unaelekeza kwenye beringi au boljointi, na mchezo wa kushoto na kulia unaelekeza kwenye tairodi endi au raki ya usukani. Mtu mmoja atikise, mwingine alale chini atazame kinachosogea. Mipira inayofunika raki ikiwa imepasuka, mchanga umekwisha kuingia, na kuifunika upya bila kuisafisha hakutasaidia. Bushi zote za mbele kwa kawaida zitakuwa zimekwisha, na gharama yake si kubwa, kwa hiyo zibadilishwe kwa pamoja.

Nyuma, steshenwageni inatofautiana na saluni nyingi za 504. Ina ekseli ngumu na springi za koili mbilimbili kila upande, zilizowekwa hivyo kwa ajili ya mzigo. Kagua kama kuna koili iliyovunjika mwishoni mwake, mahali ambapo hukaa ndani ya kikalio na tope halionekani. Usipandishe gari kwa kuweka vipande vya mpira kati ya koili kama inavyofanywa kwa teksi. Gari litasimama juu, lakini springi itavunjika pembeni mwa kipande hicho.

Matairi yasihukumiwe kwa kashata, yaani meno ya tairi, peke yake. Ubavuni mwa tairi kuna alama ya DOT, na tarakimu nne za mwisho huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri na nyufa ubavuni, lililokauka kwa jua la uani, litapasuka katika joto la barabara ya Segera gari likiwa limebeba watu. Nasema hivyo pia kuhusu matairi ya mtumba yanayouzwa yakiwa yamepakwa kiwi yakang'aa. Soma tarakimu kwanza, bei baadaye.

Mafuta, maji na moto

Sasa injini. Usipige stata. Toa plagi zote nne, mimina kijiko cha oili safi ndani ya kila silinda, uiache injini mpaka kesho au zaidi. Kisha tia spana kwenye nati kubwa ya puli ya mbele, uizungushe kwa mkono taratibu. Ikikataa, usiilazimishe, ongeza oili nyembamba na subira. Ikizunguka mara mbili kamili bila kugonga kitu, mwaga oili ya zamani na uitazame. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani, nayo ni dalili ya gasketi ya silinda hedi au zaidi ya hapo.

Ikibidi hedi ifunguliwe, kuna jambo moja ambalo fundi asiyezijua Peugeot hizi anapaswa kuambiwa mapema. Slivu za injini hii, yaani mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, zimesimama ndani ya maji ya kupozea, zikishikiliwa na hedi kwa juu na kuzibwa kwa ringi chini. Hedi ikiwa imetolewa, injini isizungushwe hata kidogo kabla slivu hazijabanwa kwa boliti na washa pana, la sivyo pistoni itazinyanyua, ringi za chini zitahama, na maji yatashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, baada ya kazi yote kukamilika. Hedi yenyewe ni ya aluminiamu, hivyo ipelekwe kupimwa kama imepinda kabla ya kurudishwa.

Tangi la petroli lililotolewa wakati wa kuchomelea lisirudishwe kabla ya kuoshwa. Petroli iliyokaa miaka hugeuka kuwa gundi yenye harufu ya vanishi, na kutu ya tangi huwa unga mwembamba unaopita filta mbovu. Badilisha mipira yote ya mafuta, weka filta mpya, ufungue kabureta juu ya meza safi, na upulize kila jeti, yaani kitundu cha kupitishia petroli, kwa hewa. Jeti isichokolewe kwa waya, kwa sababu tundu lake limepimwa na waya hulipanua.

Upande wa maji, safisha rejeta na bloki kwa mpira wa maji kwa kuyapitisha kinyume na njia yake ya kawaida, mpaka yatoke meupe. Kisha ujaze kulanti, yaani maji ya dawa ya kupozea injini. Maji ya kisima cha pwani yana chumvi, na chumvi pamoja na aluminiamu ya hedi na chuma cha bloki ni mchanganyiko unaokula hedi kutoka ndani. Usikubali thamostati, kifaa kinachozuia maji kuzunguka mpaka injini ipate joto, itupwe, ingawa ni desturi ya gereji nyingi mjini. Bila thamostati, injini huchelewa kupata joto lake, hula petroli zaidi, na oili hubaki na unyevu. Joto kupita kiasi lina sababu nyingine ambayo inapaswa kutafutwa. Katika 504, mojawapo ya sababu hizo ni feni yenyewe: hushikwa na sumaku ya umeme inayowashwa na swichi ya joto, na brashi ndogo ya kaboni inayoipelekea umeme huisha. Gari linakwenda vizuri barabara kuu, kisha sindano inapanda kwenye foleni. Jaribu kwa kuunganisha waya wa feni moja kwa moja na betri injini ikiwa imezimwa. Utasikia mlio wa sumaku ikishika.

Kwenye moto, yaani mfumo wa cheche, badilisha plagi, pointi, kondensa, rota na kifuniko cha disitributa kwa pamoja. Silinda za Peugeot huhesabiwa kuanzia upande wa giaboksi, ilhali Toyota huhesabiwa kuanzia upande wa rejeta. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, na mtu akiuhesabu kutoka upande wowote utabaki uleule, jambo linalowachanganya wengi. Akifuata kitabu huku akiita silinda ya mbele namba moja, cheche itafika mzunguko mzima wa krenki nje ya wakati wake, na injini haitawaka bali itapiga chafya kupitia kabureta. Kabla ya kufungua kitu kingine, hesabu upya.

Siku ya kuwasha, injini ikiwa imekwisha kujazwa oili mpya, izungushe kwa stata bila plagi mpaka taa ya oili izimike, ndipo urudishe plagi na uwashe. Ikishika, usiikanyage. Tazama taa ya oili, tazama chini kama kuna kinachovuja, uiache ipate joto. Moshi wa buluu wa mwanzo unatokana na oili uliyomimina. Moshi huo ukiendelea baada ya injini kupata joto, pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda.

Kwa kuwa petroli yetu ya sasa haina risasi, pima nafasi za vavu baada ya majuma machache ya kutembea, na urudie tena. Nafasi ya vavu za kutolea moshi ikizidi kupungua kila unapopima, viti vya vavu vinaliwa na hedi itahitaji kazi.

Umeme hautakuchukua muda mrefu ukianza na nyaya za ethi. Taa hafifu, stata dhaifu na indiketa zinazowaka kwa zamu zisizoeleweka, vyote mara nyingi hutokana na ethi iliyooza kwa chumvi. Fungua kila kiungo kati ya betri, bodi na injini, kisugue mpaka chuma kionekane, kifunge na ukipake grisi. Betri iliyojaa na kutulia huonyesha karibu volti 12.6, na injini ikizunguka inapaswa kupanda kati ya volti 13.8 na 14.4 hivi.

Rangi ije baada ya haya yote. Ipigwe asubuhi umande ukishakauka, juu ya bati lililooshwa kwa maji ya bomba au ya mvua, na isipigwe jioni wala siku ya upepo mkali.

Kwa mkaguzi na barabarani

Kabla ya kwenda kwa askari wa usalama barabarani kwa ajili ya ukaguzi, jikague mwenyewe kwa ukali kuliko yeye: taa zote pamoja na za breki na za namba, honi, waipa, vioo vya pembeni, handbreki inayoshika mlimani, mikanda ya viti isiyochanika, kizimamoto kilicho hai na pembetatu mbili za tahadhari. Mikanda ya safu ya tatu mara nyingi haipo kabisa. Ama ifungwe kwenye bati imara, ama viti hivyo visikaliwe. Ikiwa injini si ile iliyoandikwa kwenye kadi, marekebisho yafanyike TRA mapema. Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima kisheria, na wakala atahitaji kadi iliyo sahihi ili aitoe. Ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017, ila kama gari limelala tangu kabla ya hapo, uliza TRA kuhusu madeni ya nyuma.

Safari ya majaribio isiwe ndefu. Anzia mitaa tulivu ya Raskazone asubuhi, ukijaribu breki kwa mwendo mdogo mara nyingi. Kisha nenda Pongwe, usimame, ushike kila rimu kwa uangalifu. Rimu moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, breki ya gurudumu hilo haiachii. Rudi nyumbani, kaza upya nati za magurudumu, utazame chini kwa tochi. Baada ya hapo unaweza kufika Muheza, umbali wa kilomita zipatazo 35, ukiwa na kulanti ya akiba, spana na feni belti nyingine ndani ya buti. Mwaga oili hiyo mpya na ujaze nyingine baada ya kilomita 500 za kwanza, hata kama bado inaonekana safi, kwa sababu imebeba kutu na uchafu wote ulioamka ndani ya injini, na ubadilishe filta ya petroli siku hiyohiyo. Gari likipita njia ya ufukweni au likirudi kutoka Pangani, lioshwe chini kwa maji yasiyo na chumvi kabla halijalala.